Bipu ya Raya

Siku hizi ukiwa na shughuli, mtandao wa simu unaongea na watu kwa niaba yako, kwa sauti yako. Nilizunguka madukani nikitafuta simu isiyo na mambo hayo. "Hazitengenezwi tena, mama," nikaambiwa.

Basi mimi na binti yangu Raya, anayeishi Dodoma, tukakubaliana: akinitaka yeye mwenyewe, anibipu, nami nimpigie. Mashine ina haja gani ya kubania vocha?

Leo nikiwa napepeta mchele, bipu ikaingia. Nikapiga upesi.

"Shikamoo mama. Umeshakula?"

"Marahaba. Ni wewe kweli?"

"Si nimekubipu?"

Hodi ikapigwa. Nikafungua. Raya alikuwa amesimama na begi lake, vumbi tupu.

"Nilitaka kukushtukiza, mama. Simu imeniishia chaji njiani."

Sikioni, sauti ileile ikauliza, "Mama, nani huyo?"