Goti la Bibi Nkasiogi

Cho, cho, cho. Hakujapambazuka, Penina akasikia maji yakimwagika uani kwa Bibi Nkasiogi. Akasonya. "Anaoga tena, kama bibi harusi! Na anayemtekea maji ni mimi."

Akamkaza mtoto mgongoni, akaingia. Mtungi ulikuwa mtupu, kama kila siku.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umechelewa. Goti limeniwaka usiku kucha, wewe umelala tu."

Penina aliushika mtungi. Bibi huyu Mwarusha hakuwa hata ndugu yake. Tangu Wadachi wamchukue Sumari, mume wa Penina, kubeba mizigo ya vita, kihenge chake cha nafaka kilikuwa kitupu, na maziwa ya kifuani yalikuwa yakikauka. Majirani walimletea ndizi, akazirudisha. Kwao, mlimani Meru, aliyefanya kazi nyumbani mwa mtu hula humo. Anayekula bure ni ombaomba. Hata bibi huyu, siku walipokutana mtoni, alimnyooshea kibuyu cha maziwa. Penina akamtazama juu hadi chini. "Wape mbwa wako."

Kesho yake alimkuta pale pale, ameketi, kashika goti la kulia, mkongojo ubavuni.

"Nitekee, mwanamke wa mlimani. Au kwenu mna maneno tu?"

Basi kila alfajiri akateka, akafagia, akapika. Na kila alfajiri bibi akaonja, akatema.

"Uji gani huu? Umalize mwenyewe. Na maziwa hayo yamelala. Yanywe, yasinivundie nyumba."

Penina alikunywa kwa hasira. Mzee mvivu, mdomo shubiri, asante haijui! Mtoto, hata hivyo, alikuwa ameanza kujaa mashavu.

Siku moja mtoto alimwamsha mapema. Akafika kwa bibi giza halijaachia, akasimama nyuma ya migomba.

Mlango ulifunguka. Bibi Nkasiogi akatoka bila mkongojo, mgongo umenyooka, ameukumbatia mtungi wa maji aliyoyateka Penina jana. Akaruka mfereji kama mbuzi. Akayamwaga yote migombani: cho, cho, cho. Akaukung'uta mtungi hadi tone la mwisho, akarudi ndani.

Penina alingoja kukuche. Kisha akakohoa, akaingia, akauchukua mtungi, akaenda mtoni. Siku hiyo uji aliunywa polepole, hadi akalamba kata.

"Ulafi huo!" bibi alinung'unika, kashika goti, safari hii la kushoto. "Na kesho uje tena."