Kiganja cha Pili

Katika mji wetu bunduki haifunguki wala haifyatuki kwa mkono wa mtu mmoja. Inasoma mistari ya viganja viwili: cha mwenyewe na cha mtu mwingine wa nyumba hiyo. Tangu mama afariki, mtu wa pili wa baba ni mimi.

Kila Ijumaa tunaifungua ili aisafishe. Mimi si msemaji, lakini hapo ndipo tunapozungumza, viganja vyetu vikiwa pamoja kwenye kitako. Zamani baba aliapa kumpiga mwizi yeyote. Siku hizi ananiuliza, “Zaituni, akiwa mtoto wa mtu tunayemjua?”

Juzi wezi walivunja kwa jirani. Na kesho naolewa, nahamia Pangani. Nilimwomba baba atafute mkono mwingine.

“Nitatafuta,” alisema, akatazama pembeni.

Leo hina ilipokauka nilimwendea tuifungue mara ya mwisho. Bunduki ikakataa. Nikafuta kiganja kwa kanga, nikaweka tena. Ikakataa.

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. “Hata hii haikutaki tena, bibi harusi!”

Nikamweleza Bi Mwanatumu, aliyenipaka hina. Akashangaa. “Kwani hujui? Baba yako ndiye aliyeniambia nijaze kiganja chote, nisiache hata pa kupitisha sindano.”

Niliporudi sebuleni, baba alikuwa ameitundika bunduki ukutani, anaimba peke yake kwa furaha. Nilipita nikakagua komeo la mlango wa nyuma, kisha nikalikagua tena.