Miguu ya Nyuma

"Binti yangu simpi matako ya ng'ombe," alisema Mzee Margwe, na wageni wote wakashusha vikombe.

Chai ya maziwa ilikuwa bado inatoa moshi. Walikuja Masieda kuposa, watu wanne kutoka Endagikot, na msemaji wao, Mzee Nikolausi, ndo kwanza alikuwa amemaliza kumsifia kijana wao Kelvin. Analima vitunguu saumu. Ana nyumba ya bati. Hanywi. Vyote kweli. Ila kuna kimoja alikiruka, na Margwe alikuwa anakisubiria hapohapo.

"Aseme mwenyewe kazi yake nyingine."

Nikolausi akajikohoza. Kelvin akasimama.

"Naigiza, mzee. Kwenye Ng'ombe Kagoma. Mimi ni miguu ya nyuma."

Nyuma ya pazia la jikoni mtu akacheka, akajiziba mdomo.

Mbulu nzima, mpaka kule Katesh, hakuna asiyeijua Ng'ombe Kagoma. Inaonyeshwa kwenye tivii Ijumaa usiku mno, vipindi vya maana vikishaisha vyote. Ng'ombe wa mahari anapelekwa kwa wakwe, akifika analala chini, hataki kuingia zizini. Anaanza kuuliza maswali. Bibi harusi mmemuuliza? Mbona mnakagua meno yangu, ya bwana harusi hamjayaona? Wanamrudisha kwao. Wiki ijayo anapelekwa boma lingine, anagoma tena. Ni hivyo tu, na watu wanacheka mpaka wanaamsha watoto.

Ng'ombe mwenyewe ni watu wawili ndani ya ngozi moja. Wa mbele ana kichwa na maneno yote. Anaongelea kwenye ndoo iliyofungwa humo ndani, sauti inatoka nzito kama ya dume. Wa nyuma ana mkia. Majina yao hayatajwi, maana kuna wazee wamekasirika. Hili la Kelvin lilivuja mnadani, akamwambia Margwe mtu aliyeitambua suruali yake kwenye miguu ya yule ng'ombe.

Na Margwe hakikosi hicho kipindi. Ukimuuliza anakwambia anasubiri habari za mvua. Mara nyingine ng'ombe akianza kusema, Margwe anamalizia kabla yake, neno kwa neno, halafu anajipiga paja. Anauliza, huyu wa mbele kalelewa na nani?

"Sikiliza kijana," alisema sasa. "Ungekuwa wewe ndo kile kichwa, tungeongea. Yule wa mbele ni mtu. Ana akili, haogopi yeyote. Yule angekuja hapa hata na mbuzi mmoja anayechechemea, angeondoka na jibu zuri. Wewe unatingisha mkia!"

"Mkia una kazi yake, mzee."

"Kazi gani?"

"Siku ile wazee wamekuja na fimbo tunarekodi, wa kamera alikimbia, akaiacha inarekodi. Wa taa naye akakimbia. Mimi nilibaki nimeinama vilevile. Fimbo zote nikala mgongoni, wa mbele akamaliza kusema maneno yake."

Margwe akanywa chai. Hiyo sehemu anaikumbuka. Alicheka sana siku hiyo, alidhani ni mchezo.

"Basi nimekusikia," alisema. "Sasa acha hiyo kazi. Hapa, mbele ya hawa. Ukiacha, tunaendelea na mazungumzo."

"Siachi."

Nikolausi akamvuta shati. "Kaa chini wewe! Sema ndiyo, mengine mtajuana mkishafunga ndoa."

"Siachi, baba mkubwa. Nikiacha, nyuma ataingia nani? Wa mbele hataki mtu mwingine."

"Kwa hiyo unamchagua huyo wa mbele, unamwacha binti yangu?"

Kelvin akakunja mdomo kama mtu aliyetafuna pilipili.

"Hapo mzee siwezi kuchagua. Hata ukinipiga."

"Mmemsikia?" Margwe alisimama, mgolole ukamwanguka begani. "Mmemsikia huyu? Anakuja nyumbani kwangu, anakunywa maziwa yangu, halafu ananiambia hawezi kuchagua!"

Nikolausi akaanza kutafuta kofia yake. Margwe akamwonyesha kwa mkono akae. Hakutaka waondoke hivihivi wakasema kule kwao kwamba mzee wa Masieda ni mkali tu. Posa ina utaratibu wake. Binti anaitwa, anaulizwa mbele ya watu wote kama wageni anawafahamu. Akisema hawafahamu, wageni wanaaga, yamekwisha, hakuna wa kulaumiwa.

Na Natalia atasema nini? Natalia ni wa kwaya. Mpole. Hicho kipindi chenyewe hajakitazama hata mara moja, kikianza tu anasema ana usingizi. Kwa vyovyote hawa watu walimwambia habari za vitunguu saumu, mambo ya mkia wakaficha. Leo atayasikia.

"Natalia!"

Akatoka jikoni, kitenge kiunoni, akapiga goti.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia wageni, taratibu, kama watu wa msibani. Kelvin alikuwa bado amesimama. Hakuinamisha kichwa.

Margwe akauweka mgolole wake vizuri. Akajipa muda, maana alikuwa ameshashinda.

"Mwanangu, wamekuficha. Huyu unayemwona hapa ndo matako ya yule ng'ombe wa kwenye tivii. Nimemwambia aache, amekataa mbele yangu. Sasa nakuuliza, na hawa wote wasikie. Unamfahamu?"

Natalia akainua uso, akamwangalia baba yake machoni.

"Namfahamu, baba. Mwaka wa pili huu tunavaa ngozi moja, na mpaka leo hajaacha kunikanyaga visigino."