Damu Mvivu

Mirija miwili ya kioo ilisimama wima dirishani, myembamba kama spoki za baiskeli, na Ashura aliuchukia mmoja.

Wa kushoto ulikuwa na damu ya mumewe, Ramadhani. Wa kulia ulikuwa na damu ya Leonia, mkimbizi kutoka Burundi. Chini ya kila mmoja muuguzi Veneranda alikuwa amebandika kipande cha plasta chenye jina.

"Saa nzima," Veneranda alisema, akiiweka saa ya kengele kando ya mirija. "Damu itajishukia yenyewe. Daktari Gasper atasoma imeshuka kiasi gani, kisha atachagua."

Hakuwa na haja ya kusema anachagua nini. Wagonjwa wawili, saratani moja, ya mahali ambapo watu wazima hawapataji mbele za watu. Na kitanda kimoja Dar es Salaam, kwenye mashine ya mionzi. Treni ilikuwa inaondoka Kigoma kesho.

Nje kwenye benchi, wagonjwa wenyewe walikuwa wanacheka. Maumivu yaliwakataza kukaa sawasawa, kwa hiyo Ramadhani aliegemea kulia na Leonia kushoto, vichwa vikakaribia kugusana. Ramadhani alizaliwa Simbo, na Kiha chake kilielewana vizuri na Kirundi cha Leonia. Ashura, mtoto wa Ujiji, alijua Kiswahili tu. Nyumbani Kasingirima mumewe alikuwa na miezi hajacheka.

"Mnacheka nini?" aliuliza kupitia dirisha.

"Anasema akichaguliwa atakata tiketi ya kusimama," Ramadhani alijibu, akijifuta machozi.

"Nimeazima masikio yake tu, dada," Leonia alisema. "Vingine vyote vyako."

Ashura alitazama blanketi jipya la kijivu mapajani mwa Leonia. Wakimbizi walipewa blanketi, sabuni, unga, na lori la kuwaleta zahanati. Wenyeji walipewa pole.

Na alijua jinsi vitu vinavyogawiwa. Kila malori yalipofika, watu wa misaada walipita na kalamu zao, wakimtanguliza aliyekwisha zaidi. Mtoto mwenye mbavu za kuhesabika alipata maziwa. Mwenye mashavu alirudishwa kwa mama yake. Mwaka wa pili sasa alikuwa akiyaona hayo kwa macho yake.

Nusu saa ilipopita, Veneranda aliingia kuchungulia. Damu ya Leonia ilikuwa imezama mbali, ikaacha maji ya manjano juu yake. Ya Ramadhani ilikuwa imeshuka upana wa ukucha.

"Huyu dada anaungua ndani kwa ndani," Veneranda alinong'ona. Kisha akautazama mrija wa kushoto, akatabasamu. "Na wewe, mzee, damu yako mvivu. Kaa hivyo hivyo."

Kaa hivyo hivyo. Maneno yalimwingia Ashura kama kofi. Hata sista Veneranda alikuwa upande wa yule mwanamke.

Honi ililia getini. Lori jingine lilikuwa limefika, na ndani yake mama mwenye uchungu wa kuzaa. Veneranda akatoka mbio.

Plasta zilibanduka bila shida. Ashura alizibadilisha, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, akazikandamiza kwa kidole gumba. Alikuwa amemgawia yule mwanamke mji wake, maji ya kisima chake, hata masikio ya mumewe. Kitanda, hapana.

Kengele ya saa ilipolia, Daktari Gasper aliingia peke yake, akainama, akasoma, akaandika. Ashura alikuwa tayari anawaza safari: kanga mbili, shuka, dagaa wa kukaanga wa kula njiani. Wagonjwa walipoitwa ndani, alisimama karibu na mumewe, akamshika mkono mbele ya Leonia.

Daktari alivua miwani.

"Nimepeleka wengi Dar," alisema. "Damu ikishuka namna hii, mwili unawaka moto, na mionzi haishiki. Mtu anachomwa bure, kisha anarudi kwenye jeneza. Kitanda nampa ambaye damu yake imetulia, kwa sababu huyo ndiye anayepona." Alimgeukia Ramadhani. "Mzee wangu, pole sana. Leonia, jiandae na treni ya kesho."

Leonia hakucheka. Alimwendea Ashura polepole, akamnyooshea mkono.

"Pole, dada."

Ashura aliuficha wake nyuma. Vidole vilikuwa bado vinanata gundi ya plasta.