Kikapu Kilichobweka

Kikapu kilipofika usawa wa ghorofa ya pili, kikabweka.

Hasanein, muuza mikate mgeni pale mtaani Shubra, aliruka nyuma, nusura trei limporomoke kichwani. "Mama wee! Kikapu hushusha hela, kikapandisha mikate. Leo unanishushia jini?"

"Ni mbwa," Demiana alijibu kutoka roshani yake ya ghorofa ya tatu, kamba ikimkata viganja. "Mpokee, mwanangu. Mpeleke pale ukutani akojoe, kisha nimvute."

"Mbwa si mkate, mama! Teremka naye."

"Mlango umefungwa."

Kikapu kikayumba. Mbwa huyo, Bunduk, akatoa miguu ya mbele nje, macho yamemtoka pima. Demiana akaingiwa na hofu, akaanza kuvuta kamba haraka haraka, hadi mbwa akamwangukia miguuni.

Mbwa alikuwa wa kaka yake, Halim. Jana asubuhi, akienda baharini na wanawe, alimwacha hapo kizingitini na bakuli lake. "Siku tano tu, dada. Ukimudu kumtunza, nikirudi nakuletea mtoto wake, awe wako. Ila huyu hakojoi ndani hata umuue." Alisema hayo bila kumtazama usoni. Nyayo zao zilipoanza kushuka, ufunguo ukazunguka kitasani mara mbili.

Demiana alimtaka huyo mtoto wa mbwa kuliko kitu chochote. Alishamchagulia jina, na pembe ya kulala, chini ya picha ya marehemu mumewe. Nyumba ilikuwa kimya mno. Ukikohoa, hakuna wa kukupa pole.

Lakini Bunduk alikuwa amejizuia tangu jana. Alitandikiwa magazeti, akayakwepa. Alipelekwa bafuni, akageuza uso kama mkwe aliyeandaliwa kiporo. Sasa alilala mlangoni, pua kwenye upenyo wa chini, akilia kwa sauti nyembamba.

"Mama!" Hasanein alikuwa bado yuko chini. "Nani kakufungia? Mtu mzima hafungiwi kama kuku! Nina binamu yangu fundi wa vitasa, hapo kona tu. Nimlete avunje?"

"Usithubutu!"

"Sasa unamwogopa nani?"

Demiana akaingia ndani, akavuta pazia.

Akampigia Halim. "Kaka, mtafute mtu aje amchukue mbwa wako. Atapasuka kibofu huyu."

"Aje nani, dada?" Halim alisema taratibu, mawimbi yakisikika nyuma yake. "Ngazi ni arobaini na mbili. Ulikuwa ukizishuka unaimba."

"Basi njoo umchukue."

"Nikija kumchukua, na yule mdogo simleti. Atakufa kwa kujizuia kama huyu."

Simu ikakatika. Bunduk alimtazama, miguu ikimtetemeka. Hakubweka tena, alinyanyua mguu mmoja wa mbele tu, akaukwangua mlango, mara moja, polepole.

Demiana akaketi sakafuni kando yake, wote wawili wakiutazama mlango. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo aliokuwa ameuvaa shingoni tangu siku jeneza la mumewe lilipoteremshwa ngazi zile, miaka sita iliyopita.