Hina ya Alhamisi

Salha alimkuta binti yake wa miaka minane, Raya, ameketi mkekani, amejitanda shuka jeupe gubigubi. Mdogo wake Raya, Haji, alikuwa akichungulia mlangoni.

"Mwanamume haingii humu," Raya alimkemea. "Nimekaa eda."

"Eda ya nani?" Salha aliuliza.

"Ya mume wangu. Kasafiri mwaka mzima, hapigi simu wala haleti salamu."

Salha alilikamata shuka. "Livue! Baba yako yu njiani."

Raya aliutazama mkono wa mama yake, wenye hina anayoipaka kila Alhamisi, mume asije akafika ghafla akamkuta hajajipamba. Akamsogelea Haji na kumnong'oneza aende zake. Kisha akapisha nafasi mkekani.

"Kaa, mama. Ila mwenye eda hapaki hina."

Salha hakukaa. Lakini mikono alikwishaificha ndani ya kanga.