Chaneli Nane Ilipokaa Kimya

Orville Tackett alizima gari mbele ya nyumba ya Leland Haverkamp, akavuta kofia hadi kwenye nyusi. Mjini Calloway hakuna asiyeijua sura yake. Alikuwa mtabiri wa hali ya hewa wa Chaneli Nane tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Siku walipomzika mke wa Leland, aliishia getini mwa makaburi, akageuza gari. Leo alikuwa amejiapiza kusema.

Kipupwe kilichopita, mtandao mkubwa wa televisheni wa New York uliihama Chaneli Nane, ukaenda kwa wapinzani wao, Chaneli Kumi na Tatu, pamoja na tamthilia zake zote. Kituo kisicho na mtandao wa kukipa vipindi hubaki kurusha filamu kuukuu na matangazo ya magodoro. Meneja, Bi Corliss, alihangaika mpaka akapata mtandao mwingine, ule wenye mpira wa kikapu, nao ukamchukua kwa majaribio tu.

Ndipo ikaja ile jioni ya Machi. Timu ya chuo cha mji wao ilikuwa uwanjani, mji umeganda kwenye mechi, na kwenye rada Orville akaona wingu linajikunja kama ndoana, dalili ya kimbunga, kusini mwa mji.

"Bosi, niikatize mechi."

"Una uhakika?"

"Uhakika wa kimbunga huupati mpaka kikufikie."

"Basi ngoja mapumziko. Tukiwakatia watu wa mtandao mechi yao kwa upepo uliopita zake, wanatutupa wiki hii hii. Humu ndani kila mtu ana watoto, Orville."

Akangoja. Ving'ora vya mitaani vililia, lakini Kansas king'ora hulilia hata mvua ya mawe, watu wameshazoea kukipuuza. Alipotokea hewani, nyumba za Barabara ya Sumner zilikuwa zimeshang'olewa mapaa, na Maxine Haverkamp alikuwa amelala chini ya ukuta wa jiko lake.

Leland alifungua mlango kabla Orville hajabisha.

"Ala! Orville wa hali ya hewa! Ingia bwana, ingia. Usiiangalie hiyo turubai, fundi wa paa ananizungusha."

Alimkalisha mezani, akammiminia kahawa mwenyewe. Ukarimu ule ulimchoma Orville kuliko matusi. Hakugusa kikombe.

"Bwana Haverkamp, nimekuja kwa ajili ya jioni ile. Ile mechi..."

"Mechi? Sisi hatukuwa kwenye mechi."

"Hamkuwa mnatutazama?"

"Maxine na mpira wapi na wapi! Tamthilia yake ilihamia Kumi na Tatu, naye akahama nayo. Usinune, bwana, alikupenda sana, ila tamthilia aliipenda zaidi." Leland alicheka kidogo. "Yule kijana wao wa hali ya hewa akaikatiza tamthilia. Akapiga kelele, watu wa Sumner shukeni chini sasa hivi! Muda ulikuwepo, tena wa kutosha."

Orville alihisi kifua kinamfunguka. Tangu Machi hakuwa amelala usingizi wa maana, na kumbe onyo lilifika. Lilifika mapema, kwa kinywa cha mtu mwingine. Aliona haya kwa jinsi furaha ilivyompanda mbele ya mgane yule, akainama kuificha.

"Kumbe mlisikia," alisema taratibu.

"Tulisikia." Leland alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari. "Maxine alishafungua mlango wa ngazi za kushukia chumba cha chini ya ardhi. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Nikamwambia ngoja kwanza, huyo mtoto anatafuta umaarufu tu. Nikaweka Chaneli Nane, nikaona mpira unachezwa. Nikamwambia unaona? Ingekuwa kweli, Orville angeshatuambia."